"Run": neno lisilotulia

Anayeanza Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "run" ni kukimbia. Si uongo, ila hicho ni kipande kidogo tu cha mzigo. Kamusi kubwa ya Oxford ilipolipitia upya neno hili, lilimshika mhariri mmoja, Peter Gilliver, miezi kama 9. Mwaka 2011 ikajulikana kuwa kitenzi hicho peke yake kina maana 645. Katika toleo la 1989 bingwa alikuwa "set"; akavuliwa taji.

Kwa Waingereza pua hu-"run". Sisi twasema kamasi zinatoka. Kitenge kikifuliwa kikachuja rangi, nacho kime-"run". Basi lenye ratiba, bomba lililoachwa wazi, injini inayounguruma, hata duka la mtu: vyote vimo humo, na hakuna hata kimoja chenye miguu. Ndiyo maana mfasiri anayekimbilia "kukimbia" huchekesha watu.

Kinachonifurahisha zaidi ni siasa. Mmarekani anayetaka urais hu-"run", lakini Mwingereza anayetaka ubunge husimama tu, "stand". Mswahili hugombea, yaani kuna kitu kinavutwa huku na huku. Nadhani sisi ndio tuliosema kweli.

Hata hivyo tusiwacheke sana. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutukuta tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, hodi na kura, siku hiyohiyo moja, na hakuna aliyeumia.