Miguu Ndiyo Hulenga

Hebu simama, bana miguu pamoja, funga macho, uhesabu hadi thelathini. Utajisikia ukiyumba kama mnazi kwenye upepo. Kipimo hicho kina jina la daktari Mjerumani wa karne ya 19, Moritz Romberg. Mwili wa binadamu hautulii hata siku moja. Macho, sikio la ndani na nyayo hupashana habari kila wakati ili usianguke.

Sasa upe mwili huo bastola. Mtutu ukienda upande kwa digrii 1 tu, risasi itakosa shabaha kwa sentimita 44 ukiwa mita 25. Hiyo inatosha kumwacha jambazi na kumpata mama aliyesimama kando yake.

Zamani polisi na wanajeshi wa Uingereza walifunzwa bastola kama mabwana waliopigania heshima zao alfajiri: ubavu umeelekezwa kwa adui, mkono mmoja umenyooka, lenga polepole. Uwanjani ilipendeza. Mtaani ilikuwa balaa.

Aliyeliona hilo vizuri ni William Fairbairn, aliyejiunga na polisi wa manispaa ya Shanghai mwaka 1907. Mji huo wa bandari ulikuwa na majambazi wenye silaha, vichochoro vyembamba na giza. Fairbairn alisomea judo hadi akapata mkanda mweusi wa Kodokan, ile shule ya Tokyo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Na judo, ukiitazama, ni elimu ya mizani: mtu huangushwa baada ya kuyumbishwa. Mwenye kujua hilo hawezi kuamini kwamba mkono unalenga peke yake.

Akiwa na mwenzake Eric Sykes, alibadilisha mafunzo. Askari alichutama kidogo, akashika bastola kwa nguvu, akaiweka katikati ya kifua, macho yote mawili wazi. Karibu na adui, hakuna kutafuta kitundu cha kulengea. Mwili mzima ndio unaoelekea shabaha. Mazoezi nayo hayakuwa ya kusimama tuli kama kwenye kwata. Askari alifika akitweta, mwanga hafifu, shabaha zikichomoza ghafla. Katika kitabu chao cha 1942, Shooting to Live, waliandika kwamba kikosi hicho kilipambana na majambazi wenye silaha mara 666 ndani ya miaka 12 na nusu. Wakati huo wawili hao walikuwa wamesharudi Uingereza, wakiwafunza makomando wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mjadala ukahamia Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Big Bear, California, Jeff Cooper aliandaa mashindano ya bastola. Naibu sherifu wa Los Angeles, Jack Weaver, akaja na mikono miwili, mguu mmoja nyuma, na akawashinda wengi waliofyatua haraka kutoka kiunoni. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unavuta, bastola inatulia. Baadaye polisi walipoanza kuvaa fulana za kuzuia risasi, wengi walirudi kusimama kifua mbele, magoti yamelegea, kwa sababu fulana hulinda kifua vizuri kuliko kwapa.

Maabara nayo ikaja na sahani za kupimia namna uzito unavyohama kwenye nyayo. Jibu halikumshangaza kocha yeyote: walengaji hodari huyumba kidogo kuliko wanagenzi. Ndiyo maana kumsimamisha askari kwa mguu mmoja au juu ya mto laini kabla hajaguswa na bunduki si wazo la ajabu.

Lakini Shanghai ina ukurasa mwingine. Tarehe 30 Mei 1925, wanafunzi na wafanyakazi waliandamana Nanking Road, wakiwa na hasira kwa sababu mfanyakazi Mchina alikuwa ameuawa katika kiwanda cha pamba cha Wajapani. Inspekta Edward Everson akaamuru polisi wafyatue risasi. Watu wasiopungua 9 walikufa. Kilikuwa kikosi kilekile cha Fairbairn, na umati ulikuwa karibu mno kwa mtu kukosa. Baada ya hapo ndipo Fairbairn akapewa kazi ya kuunda kikosi cha kutuliza ghasia.

Sisi huku hatuhitaji kuelezwa sana. Juni 2024, kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, vijana waliuawa kwa risasi za polisi. Unaweza kumfundisha karao kuchutama, kupumua, kusimama kwa mguu mmoja hadi asiyumbe kabisa. Mazoezi hayo yatapunguza risasi zinazopotea, na hilo ni jambo la maana kwa anayepita njia. Ila mwandamanaji wa Nanking Road hakuuawa na risasi iliyopotea. Aliuawa na amri, na aliyeitoa hakuhitaji hata kugusa bastola.