Suti ya Mbizi na Unene Wake

Anayejiandaa kwenda kupiga mbizi Pemba, Mafia au Mnemba hukutana mapema na swali la vazi: avae suti ya milimita ngapi, 3 au 5? Ni rahisi kujibu ukijua vazi hilo linavyofanya kazi, na jina lake la Kiingereza, "wetsuit", halisaidii. Limetokana na sifa ya kulowa. Tukilitafsiri neno kwa neno tunapata "suti lowevu", na msomaji ataamini kwamba maji yanayoingia ndiyo yanayompa mvaaji joto. Sivyo.

Kinachozuia baridi ni mpira. Suti hizi hushonwa kwa neoprini, mpira wa viwandani uliobuniwa na wakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1930. Mpira huo huumuliwa kwa gesi mpaka ukajaa viputo vidogo visivyopitana, na gesi iliyomo hupitisha joto polepole sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitambua kwamba mpiga mbizi hana haja ya kubaki mkavu ili asipate baridi, maadamu gesi imo ndani ya vazi lenyewe. Maji machache yanayopenya hupashwa joto na mwili yakatulia. Hudhuru pale yanapotoka na mengine ya baridi yakaingia.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme "suti ya mbizi". Kupiga mbizi ni msemo ambao watu wa pwani wanao tangu zamani, na unataja kazi ya vazi bila kupotosha sababu ya joto lake. "Vazi la kuzamia" linaeleweka pia, lakini mzamiaji katika lugha ya mitaani ni mtu anayejificha melini ili asafiri bila ruhusa. Vazi lisiloingiza maji kabisa, linalovaliwa katika bahari za baridi kali, tuliite "suti kavu ya mbizi".

Kipimo cha suti ya mbizi nacho kiitwe "unene", si "uzito". Tumezoea kusema kitambaa kizito tukimaanisha kinene, lakini hapa mazoea hayo yanapotosha. Suti nene ina gesi zaidi, kwa hiyo huelea zaidi. Anayetoka suti ya milimita 3 kwenda ya 5 hulazimika kuongeza vipande vya risasi mkandani ili aweze kushuka. Akishuka, mambo hubadilika tena: kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na kwenye mita 30 ni mara nne. Viputo hubanwa, unene hupungua, na joto hupungua pamoja nao. Namba iliyoandikwa kwenye suti ni unene wa nchi kavu. Ukikuta namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, kama 5/3, ya kwanza ni ya kiwiliwili na ya pili ni ya mikono na miguu.

Sasa tuje kwenye bahari yetu. Maji hupokonya mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo hata bahari ya nyuzijoto 28 hupoza mwili wa nyuzijoto 37 ukikaa ndani muda mrefu. Kaskazi inapoelekea kwisha, kati ya Februari na Aprili, maji ya Zanzibar hufika karibu nyuzijoto 29. Hapo milimita 3 humtosha mtu wa kawaida, na asiyesikia baridi haraka anaweza kuvaa suti fupi. Wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, maji hushuka hadi karibu nyuzijoto 25. Anayepiga mbizi mara mbili au tatu kwa siku, mwembamba, au anayekwenda kina kirefu, achukue milimita 5.

Kuliko unene wenyewe, angalia kwanza suti inavyokukaa. Suti ya milimita 5 inayopwaya shingoni na kiunoni huruhusu maji kuingia na kutoka, na itashindwa kwa joto na ile ya milimita 3 iliyokubana vizuri. Iliyotumika miaka mingi nayo hupoteza viputo vyake, hata kama haijatoboka.

Usiichukulie baridi kama usumbufu tu. Mwili uliopoa wakati wa kupanda hupunguza damu inayokwenda kwenye ngozi na viungo, ukachelewa kutoa naitrojeni uliyoivuta chini, na hatari ya ugonjwa wa mgandamizo huongezeka. Basi ukisimama mbele ya suti za kukodi na ukasita kati ya unene wa aina mbili ambazo zote zinakukaa sawasawa, chukua ile nene, kisha upime risasi zako upya kabla ya kushuka.