Peptidi Sanisi na Kipimo cha Nguvu ya Papeini

Papai bichi likichanjwa hutoa utomvu mweupe wenye vimeng'enya vinavyokata protini, kikiwemo papeini, ndiyo maana wachoma mishkaki hulitumia kulainishia nyama. Mipapai hustawi katika ukanda wa chini wa Kilimanjaro, yakiwemo mashamba ya Kwa Sadala kando ya barabara ya Moshi hadi Arusha. Katika miaka ya 1950 na 1960 Tanganyika, na kisha Tanzania, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa papeini ghafi, yaani utomvu huo uliogemwa na kukaushwa. Bei ya unga huo hutegemea nguvu yake ya kukata protini, na nguvu hiyo haionekani kwa macho.

Kipimo cha zamani kilikuwa maziwa: papeini huchanganywa na maziwa yenye joto maalumu, kisha huhesabiwa muda yanaochukua kuganda. Njia hiyo ni rahisi, lakini maziwa hubadilika kwa kalsiamu, kwa mafuta na kwa namna yalivyokaushwa, hivyo maabara mbili hupata majibu mawili. Kaseini iliyosafishwa ni afadhali, ingawa nayo ina vifungo vingi vya peptidi vinavyokatwa kwa kasi tofauti, na kinachopatikana ni jumla ya mikato yote.

Peptidi sanisi huondoa mchanganyiko huo. Mwaka 1932 Max Bergmann na Leonidas Zervas walitangaza mbinu ya kuifunika ncha ya asidi amino kwa muda, na peptidi fupi za mpangilio uliochaguliwa zikaanza kuundwa maabara. Mwaka 1961 Erlanger na wenzake walieleza kipimo cha tripsini, kimeng'enya kingine kinachokata protini, kwa BAPNA, ambayo ni arjinini iliyofungwa kwenye p-nitroanilini. P-nitroanilini ikiwa imefungwa haina rangi ya kutajika. Ikikatwa, maji huwa ya manjano. Mwanga wa nanomita 410 hupimwa kila dakika, na kwa kuwa mgawo wa ufyonzaji wa p-nitroanilini ni takriban 8,800 kwa moli kwa lita kwa sentimita, ongezeko la 0.088 kwa dakika katika njia ya sentimita 1 ni sawa na maikromoli 10 za BAPNA zinazokatwa katika kila lita kwa dakika. Hapo namba ina maana ya kikemia, jambo ambalo muda wa kuganda maziwa hauwezi kutoa.

Papeini pia huikata BAPNA, ila kwa uvivu. Sababu ilidhihirika mwaka 1967, Israel Schechter na Arieh Berger walipotumia mfululizo wa peptidi kuchora mtaro wa kimeng'enya hiki na kukuta nafasi saba za kukalia asidi amino. Papeini haijali sana asidi amino iliyo mkatoni penyewe. Hupenda iliyotangulia iwe kubwa na isiyopenda maji, kama fenilalanini. BAPNA haina asidi amino katika nafasi hiyo. Peptidi ya Z-Phe-Arg inayo, na ikifungwa kwenye AMC, molekuli inayong'aa inapoachiwa, hugundua kiasi kidogo mno cha papeini.

Tatizo kubwa halimo katika peptidi, limo katika utomvu wenyewe. Papeini halisi ni sehemu ndogo tu ya protini zake. Zilizobaki ni pamoja na kaimopapeini, karikaini na glisili endopeptidasi. Hii ya mwisho hukata baada ya glisini, hivyo mbele ya peptidi yenye arjinini inakuwa kama haipo, ilhali kwenye nyama inafanya kazi. Mnunuzi anayedai namba moja ya BAPNA kwa unga ghafi anapima sehemu ya bidhaa na kuiita nzima. Kwa unga huo kaseini bado ina nafasi, nayo peptidi ijibu maswali mahususi.

Swali mojawapo ni la ukaushaji. Kazi ya papeini hutegemea asidi amino yake ya 25, sisteini, ambayo huoksidishwa kwa urahisi. Ndiyo sababu wagemaji huelekezwa kuepuka visu na vyombo vya chuma. Sampuli ikipimwa kwa peptidi bila sisteini ya kuongezwa, kisha ikapimwa pamoja nayo, tofauti huonyesha vimeng'enya vilivyolala tu. Vilivyooksidishwa kupita kiasi havirudi. Idadi ya vilivyo hai hupatikana kwa E-64, kizuizi ambacho molekuli yake moja hujifunga kwenye molekuli moja ya kimeng'enya: huongezwa kidogo kidogo hadi rangi ikome kutoka. Kiwanda kinachokausha juani na kingine kinachotumia tanuri vingeweza kulinganishwa hivyo kwa haki.

Vifaa si kikwazo kikubwa. Kisomaji cha sahani za ELISA, kilichozoeleka katika maabara za tiba, kwa kawaida huwa na kichujio cha nanomita 405, ambacho kinafaa kwa p-nitroanilini. AMC ndiyo inayodai kipima mng'ao. BAPNA haiyeyuki vizuri majini, hivyo huyeyushwa kwanza katika DMSO. Joto lidhibitiwe kwa bafu la maji, kwa kuwa chumba cha maabara mjini Moshi mwezi Julai si kile cha Februari, na kasi ya kimeng'enya hupanda na kushuka nalo. Sampuli ya kulinganishia, iliyohifadhiwa kwenye friza, ipimwe siku ileile pamoja na zinazochunguzwa.