Masizi Yanayobeba Maji ya Wanale

Tairi za gari za mwanzo hazikuwa nyeusi. Zilikuwa nyeupe nyeupe, rangi ya mpira wenyewe na oksidi ya zinki, na barabara ilizila upesi. Mwaka 1904, kule Silvertown, London, S. C. Mote aligundua kuwa mpira uliotiwa masizi hauchakai ovyo. Miaka hiyohiyo Semei Kakungulu alikuwa akijenga mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya magenge ya Wanale, na wenye mitaji wa Uingereza wakiumezea mate mpira wa msitu wa Mabira, magharibi ya Jinja. Mpira wa Mabira ulishindwa na ule wa mashamba ya Asia. Masizi hayakushindwa na yeyote.

Kwa lugha ya maabara za leo, masizi hayo ni nanokaboni. Chembe yake hupimwa kwa makumi ya nanomita, na gramu moja ya masizi ya tairi yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 80, yaani nusu ya uwanja wa voliboli. Minyororo mirefu ya polima hunata juu ya uso huo. Mpira ukivutwa haitelezi ovyo, na ufa hukosa njia nyepesi. Takriban robo ya uzito wa tairi ni masizi. Bodaboda anayepanda Wanale na mkungu wa matoke nyuma anaitegemea robo hiyo, na tairi likiisha meno hukatwa likawa makubazi, likaendelea kutembea.

Kisha zikaja kaboni zenye majina makubwa. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani aliwaonyesha walimwengu nanotubu, mirija ya kaboni ya kipimo cha nanomita, ingawa Warusi walishapiga picha za mirija ya namna hiyo mwaka 1952. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wakatenga grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, mjini Manchester, wakapata Nobeli mwaka 2010. Ahadi ya kaboni hizo haikuwa ya uongo: nanotubu chini ya asilimia 1 zaweza kuifanya plastiki ipitishe umeme, kazi ambayo masizi ya kawaida huhitaji mara nyingi zaidi ya asilimia 10. Lakini nanotubu hupendana, hushikana mabonge, na kila bonge ni mahali pa ufa kuanzia. Ukizidisha, plastiki iliyoyeyuka huwa nzito kama ugali, haimiminiki katika kalibu. Miaka zaidi ya 30 ya utafiti imetumika, kwa kiasi kikubwa, kuwatenganisha ndugu hao.

Kwa maoni yangu, mafanikio makubwa ya nanokaboni kwetu si hayo. Ni bomba jeusi la poliethilini linaloshusha maji ya mserereko kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jerikeni ya njano ikiachwa juani hupauka, kisha hupasuka penye mshikio, kwa sababu miale ya urujuanimno huikata minyororo yake. Bomba lina masizi asilimia 2 hadi 2.5 tu; hayo huinyonya miale kabla haijaingia ndani, na bomba hudumu miongo.

Sharti ni lilelile la nanotubu: yasambae sawasawa. Kamati ya maji inayonunua bomba isiridhike na weusi wa nje. Idai cheti cha kipimo cha masizi na usambaaji wake, na ikiona michirizi ya kijivu kwenye mkato, ilirudishe dukani.