Jinzi Yako Iliyopauka na Maji Moto ya Bogoria

Hebu angalia jinzi yako pale kwa mapaja. Imepauka kama imevaliwa miaka kumi, na uliinunua juzi tu. Zamani viwandani walikuwa wanaifua na mawe ndio ikae hivyo. Siku hizi kuna vimeng'enya (ndio, ile mada ulilala nayo kwa darasa la bayolojia) vinavyokula nyuzi za juu za pamba, na rangi inaondoka nazo. Na hapo ndipo Baringo inaingia.

Pale Loburu, ukingoni mwa Ziwa Bogoria, maji yanaruka kutoka ardhini yakichemka. Wageni huenda kuchemsha mayai na kupiga picha. Lakini kwa Waendorois pale ni hospitali na ni madhabahu. Chumvi ya ardhi ile ilikuwa dawa ya ng'ombe, mimea yake dawa ya watu, na roho za waliofariki, hata mtu azikwe wapi, huishi ziwani. Wazungu walipokuja wakaliita Ziwa Hannington, jina la askofu aliyepita huko 1885 na kuuawa Busoga mwaka huohuo. Yaani mtu anapita tu na ziwa linakuwa lake!

1973 serikali ikalifanya eneo hilo hifadhi ya wanyama. Waendorois wakatolewa. Kuanzia hapo, kuomba kwa mababu au kulambisha ng'ombe chumvi kukawa ni kitu cha kuombea ruhusa.

Sasa 1992, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, wakachukua sampuli za vijidudu kwenye maziwa yetu ya magadi. Vijidudu hivyo vimezoea maji makali, kwa hivyo vimeng'enya vyao havisumbuliwi na sabuni. Kampuni ya Marekani, Genencor, ikaingiza biashara hiyo kwa sabuni na jinzi. Mwaka wa 2004 KWS ikalalamika kwamba vilichukuliwa bila kibali chake, ikataka mgao. Watu wakasema, "Kenya imeibiwa."

Sawa, lakini Kenya gani? Hapo ndipo huwa nakwama. Aliyekuwa analia kuibiwa ni serikali ileile iliyokuwa imefungia wenyewe lango miaka thelathini. Mzee wa Kiendorois hakuwa anadai pesa za jinzi. Alikuwa anataka kufika kwa maji.

Walienda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na 2010 uamuzi ukatangazwa: Kenya ilikiuka haki zao, iwarudishie ardhi, iwaache wafike ziwani kwa ibada na malisho. Miaka mingi baadaye bado walikuwa wanadai utekelezwe. Na ziwa lenyewe halikungoja. Maji yamepanda, yamemeza barabara, na baadhi ya zile chemchemi sasa ziko chini yake.