Mada moja au mada zote? Jibu la Mombasa, 1930

Leo naziweka programu kando niingie kwenye historia kidogo. Kila anayetaka kuandika mara kwa mara hukutana na swali hili: nishike mada moja tu, au niandike kila linalonijia? Ukishika moja, waogopa maneno yatakwisha. Ukishika zote, waogopa hakuna atakayejua wewe ni nani. Hapa pwani swali hilo lilipata jibu zuri miaka mingi iliyopita, na aliyelijibu ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Sheikh alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui ndio uliotawala mji ule mpaka 1837. Tawi lao jingine lilikuwa Gasi, ambako sisi wa Ukunda hupita tukienda Msambweni. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipigana na Waingereza 1895 na 1896, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Basi Sheikh Al-Amin alikulia katika pwani iliyokwisha kunyang'anywa mamlaka, na watu wake wakijiuliza wamefikaje hapo.

Mwaka 1930 akaanzisha karatasi iliyoitwa Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukitazama mada zake utadhani hakuwa na mpango: elimu ya kisasa, masomo ya wasichana, uchumi, bidaa, kuiga Wazungu, umoja. Lakini msomaji wake alikuwa mmoja tu, yaani Mwislamu wa pwani, na kazi ya karatasi ilikuwa moja tu: kumzindua. Chochote kilichofaa kazi hiyo kiliingia.

Hakuwa peke yake katika njia hii. Aliathiriwa na jarida la Al-Manar, ambalo Rashid Rida alilianzisha Kairo mwaka 1898, nalo lilichanganya dini, siasa na elimu bila kuomba radhi. Mwaka 1932 Sheikh akatoa gazeti jingine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Jina lenyewe lina maana ya kutengeneza kilichoharibika.

Sasa linganisha na Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Hilo lilimlenga yeyote anayesoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Lilikuwa na habari, kilimo, afya, mashairi na barua za wasomaji, na lilidumu miongo. Lakini mwenye gazeti alikuwa serikali, na ya kuiudhi serikali hayakuwa na nafasi. Mada zilikuwa pana, hoja zikawa na mpaka.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni iliyoandikwa na Doug McIlroy wa Bell Labs mwaka 1978: kila programu ifanye kazi moja, na iifanye vizuri. Wengi huichukua kama amri ya kushika mada moja. Mimi naona sivyo. Kazi si mada. Programu ya kupanga orodha haijali orodha ni ya samaki au ya wanafunzi, inapanga tu. Sahifa nayo ilikuwa na kazi moja, na mada zikapita ndani yake.

Chukua mfano wa huku kwetu. Ukiamua kumwandikia mvuvi wa Msambweni, bei ya samaki ni mada yako, lakini pia karo ya mtoto wake, hati ya shamba lake, na hoteli zilizofunga njia yake ya kwenda ufuoni. Hayo manne hayafanani, lakini mtu ni yule yule. Ukiamua kuandika juu ya "uvuvi" tu, utamaliza nyavu na ngalawa halafu ukae kimya.

Nisifiche kwamba kuchagua msomaji kuna gharama. Mwaka ule ule wa 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili cha nchi zote nne zilizokuwa chini ya Waingereza, kwa herufi za Kirumi. Aliyesoma shule za misheni asingeweza kuisoma Sahifa hata angetaka. Na magazeti yote mawili ya Sheikh hayakudumu. Yeye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akafariki 1947.

Lakini tazama kilichobaki. Makala za Sahifa zilikusanywa kuwa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944, na mwaka 2017 zikachapishwa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Karatasi iliyoandikiwa watu wa mji mmoja inasomwa na watu ambao Sheikh hakuwafikiria kabisa. Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla hujajiuliza utaandika juu ya nini, jiulize kwanza wamwandikia nani. Wewe waonaje?