Vugiri: sinema zisizokuwa na steringi

Leo naomba tupande milima kidogo, tena mlima wenyewe uko wilayani Korogwe.

Nina rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Handeni, kazi yake iko Korogwe mjini. Jamaa ni mgonjwa wa sinema za mashujaa, zile za watu wanaoruka angani na kuzuia treni kwa mkono mmoja. Aprili 2019, Avengers: Endgame ilipotoka, aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi, Segera, Mkata, Chalinze, mpaka Dar, ili tu aione mapema kabla watu hawajaanza kumsimulia mwisho wake. Karibu kilomita 300 kwa ajili ya sinema ya saa tatu! Aliingia onyesho la usiku, akatoka macho mekundu, sijui ni usingizi au ni machozi. Aliporudi, baba yake mdogo akamuuliza mbele za watu: "Mwanangu, nauli yote hiyo ni ya kwenda kuangalia katuni?"

Alinisimulia huku akicheka, ila niliona kabisa kwamba neno lile limemchoma. Nami likanikaa kichwani. Mtu mzima anapata nini kwenye sinema mpaka asafiri siku nzima? Katika kufukua fukua ndipo nikakutana na Vugiri.

Ukisimama Korogwe ukatazama Milima ya Usambara, Vugiri iko huko juu, kwenye baridi na mashamba ya chai. Kati ya mwaka 1935 na 1937 huko ndiko ilikokuwa studio ya sinema. Ndiyo, studio, na chumba cha kusafishia picha na mitambo ya kurekodi sauti, miaka mingi kabla hatujaanza kusikia habari za Bongo Movie. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kutumia sinema kuwaelimisha Waafrika. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Mkuu wa elimu alikuwa Geoffrey Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mkuu wa upigaji picha alikuwa Meja L. A. Notcutt.

Huyu Notcutt nataka tumtazame vizuri. Mwaka 1926 alikuwa anasimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Wazo la sinema lilimjia huko huko shambani, kama njia ya kuwafanya vibarua waridhike na kazi. Watu wa Korogwe mnaujua mkonge kuliko mimi, na mnajua vibarua wale waliishi vipi. Kwa hiyo kabla sinema haijawa elimu, kwa bwana huyu ilikuwa dawa ya kumtuliza manamba.

Kwa muda ule mfupi walitengeneza sinema zipatazo 35, Waafrika wakiwa ndio waigizaji, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Ufundi wao ulikuwa wa akili sana. Picha ilikuwa moja, sauti ikawekwa kwenye santuri. Wakifika kwa Wajaluo wanaweka santuri ya Kijaluo, kwa Waganda ya Kiganda, Tanganyika ya Kiswahili. Sinema moja, ndimi nyingi.

Na hadithi zenyewe? Kuna moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Watu wawili wanapata fedha. Mmoja anazifukia chini nyumbani kwake, mwizi anazichukua. Mwenzake anazipeleka posta, zinabaki salama. Nyingine ilihusu safura, nyingine chai, nyingine kodi, nyingine magonjwa ya ng'ombe. Sisemi mafunzo yale yalikuwa mabaya yote. Safura ilikuwa inaua nguvu za watu kweli, na anayefukia fedha chini ya kitanda anatafuta balaa. Lakini angalia nani anashinda kwenye hadithi hizo. Posta inashinda. Daktari anashinda. Serikali inashinda. Mwafrika anapewa nafasi mbili tu, mjinga asiyesikia au mtoto mzuri anayesikia. Kwa lugha yetu ya kwenye vibanda vya video, hizi zilikuwa sinema zisizokuwa na steringi.

Mwaka 1937 jaribio likafungwa, serikali za kikoloni za huku hazikuwa tayari kulibeba. Sasa sikiliza. Mwaka uliofuata, 1938, huko Marekani kikatoka kijitabu cha picha chenye jamaa aliyevaa joho jekundu, anainua gari kama mtu anavyoinua ndoo ya maji. Ndiye Superman. Yaani Vugiri wanafunga virago, na mashujaa ambao rafiki yangu angekuja kuwafuata Dar ndio kwanza wanazaliwa.

Mwaka 1939 Waingereza wakaanzisha Colonial Film Unit chini ya William Sellers. Imani yao ilikuwa kwamba Mwafrika aonyeshwe picha za taratibu, nyepesi, zisizo na mbwembwe, maana hataelewa. Kuna kisa walichopenda kukirudia: eti wanakijiji walionyeshwa mbu mkubwa kwenye skrini, wakasema wao hawana wasiwasi, mbu wa kwao ni wadogo. Mimi nikisikia kisa hiki najiuliza kama wale wazee hawakuwa wanamtania tu mzungu. Sisi tuliokuzwa na hadithi za sungura anayemdanganya simba, za majitu na za watu wanaogeuka fisi, kweli ndio wa kushindwa kumwelewa mbu mkubwa?

Na ukimpa mtu nafasi, atamtafuta steringi wake hata kwenye sinema ya mafunzo. Mwaka 1952 ilitoka Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba anayekwenda mjini akatapeliwa. Lilikuwa funzo la kikoloni lile lile: kijana, baki kijijini. Lakini aliyeigiza aliitwa Rashidi Kawawa. Watu walimpenda Kawawa, si funzo. Mwaka 1962 yule "mshamba" wa kwenye sinema akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Halafu zikaja zama zetu. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo wengi tulilelewa na deki na mikanda kwenye vibanda, tumebanana kwenye mabenchi, joto, jasho. Bruce Lee, Rambo, Commando. Steringi hafi, kila mtoto alilijua hilo. Na hapo ndipo akatokea Derek Mukandala, wengi tunamjua kwa jina la Lufufu, akachukua kipaza sauti na kuanza kutusimulia sinema za Hollywood kwa Kiswahili.

Hebu mfikirie Notcutt. Yeye aliweka santuri ya Kiswahili juu ya picha ili kutuambia tutende nini. Lufufu aliweka Kiswahili chake juu ya picha ya Mmarekani, akaongeza utani na methali, mpaka steringi akawa kama mtu wa mtaani kwetu. Ufundi karibu ule ule, ila safari hii sauti imeshikwa na mtazamaji mwenyewe. Februari 2018, Black Panther ilipozinduliwa Kisumu, nyumbani kwa akina Lupita Nyong'o, watu walijitokeza kwa mavazi ya Kiafrika kama wanakwenda harusini. Hakuna lori la serikali lililowaita.

Ndiyo maana sikubaliani na baba mdogo wa rafiki yangu, pamoja na heshima zote. Babu zetu walipelekewa sinema bure mpaka mlangoni na hawakuulizwa wanataka shujaa gani. Huyu kijana amelipa nauli yake mwenyewe kumfuata aliyemchagua. Unaweza kusema kachagua vibaya, kachagua wa Marekani, na hapo tunaweza kubishana. Lakini amechagua.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Kati ya zile sinema 35, zinazojulikana kubaki ni tatu tu: ya safura, ya mafunzo ya mifugo na ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Zimehifadhiwa Uingereza. Majina ya Notcutt na Latham yamo vitabuni, hata kitabu cha jaribio lao walikiandika wenyewe mwaka 1937. Waliosimama mbele ya kamera, nyuso zao zikaonekana na maelfu ya watu, wengi wao hatuwajui hata kwa jina moja.

Kama uko Korogwe au una ndugu Vugiri, nakuomba uwaulize wazee. Je, kuna mwenye babu au bibi aliyewahi kusimulia habari za wazungu wa sinema mlimani? Rafiki yangu ameshaahidi kupanda huko Jumamosi, na safari hii nauli nalipa mimi.

Nawasilisha.